Gari Lisilokohoa

Asubuhi za mwezi wa saba kule Vugiri, kila kitu hukohoa. Mbuzi hukohoa, wazee hukohoa, na lori la majani ya chai hukohoa kuliko wote, maana injini yake ikishalala na baridi haiamki mpaka isukumwe na wanaume sita na matusi saba. Ndiyo sababu siku Bibi Afisa alipokutana na gari lisilokohoa, alijikojolea.

Jambo hilo hakumwambia mtu. Laiti angelisema siku ile ile, haya mengine yasingekuwepo.

Alikuwa ametoka kukata majani ya ng'ombe. Ukungu ulikuwa umelala barabarani, mzito kama uji wa mzazi, mtu haoni hata mundu ulio mkononi mwake. Akasikia kokoto zikisagika. Kokoto tu, kr kr kr, bila kwato, bila nyayo, bila injini. Kugeuka, macho mawili meupe yakatokeza ukungu ukipasuka, yakampita karibu na nyonga, yakaendelea kushuka mlima. Nyuma yake hakukuwa na moshi wala harufu ya mafuta. Bibi Afisa alisimama pale pale na mzigo wake wa majani kichwani, akahisi kitu cha moto kikimshuka miguuni mpaka kwenye kandambili.

Sasa, Afisa lilikuwa jina lake, si cheo; alikuwa mwanamke wa miaka sitini na mitatu, Mzigua wa Handeni aliyepandishwa mlimani na ndoa. Miaka arobaini amewatania Wasambaa, harusini na msibani, si watani zake? Amemcheka mchungaji wa kanisa alipoanguka na mimbari, na hata marehemu mumewe, akiwa jenezani, alichekwa naye. Mtu wa namna hiyo hawezi kufika bombani na kanga imelowa, akasema ameogopa gari.

"Bibi, shikamoo. Kanga imefanyaje hiyo?" aliuliza Elina, jirani yake, ndoo mkononi.

"Marahaba. Umande."

"Umande gani wa kupanda juu?"

Wanawake wote wa bombani wakageuka kutazama. Bibi Afisa akaona aibu inakuja mbio, akaitupia kitu kikubwa zaidi njiani iache kumfuata.

"Umande wa mtu aliyeponea chupuchupu, binti. Nimekutana na mumiani, yule yule mnyonya damu tuliyetishwa naye utotoni. Siku hizi ana gari. Halina injini, linakwenda kwa damu, na damu haipigi kelele."

Alingoja wacheke. Hakucheka mtu. Elina aliweka ndoo chini polepole, na maji yakaendelea kumwagika bombani bila mwenyewe.

Neno lile lilikuwa limekaa vizuri mno. Neno baya likikaa vibaya hufa mdomoni, likikaa vizuri huota miguu. Wiki ya kwanza gari lilikuwa na mpira wa kunyonyea. Wiki ya pili lilikuwa limemchukua mtu Kerenge, mtu asiye na jina, maana watu wanaochukuliwa na mumiani hawana majina kamwe. Wiki ya tatu njia ya shule ilikuwa tupu. Yordani, mumewe Elina, mtu mpole wa kupanda kabichi, akaanza kulala na panga ubavuni. Binti yao Ruthi, wa miaka saba, alisindikizwa hata chooni. Na kila aliyesimulia alimalizia kwa kusema: "Si Bibi Afisa aliliona kwa macho yake?"

Bibi Afisa akawa haendi tena kukata majani alfajiri. Hata yeye aliogopa. Uongo alikuwa ameutunga mwenyewe, lakini ile kr kr kr hakuitunga.

Ukweli aliupata alasiri ya Jumatatu, uso kwa uso, ghalani.

Tangu chama cha ushirika kilipokufa na serikali ikafungua milango, iliki ya Vugiri ilinunuliwa na yeyote mwenye mizani. Mwenye mizani mzuri kuliko wote alikuwa Riyaz, kijana wa duka la mchele pale Korogwe, ambaye babu yake alizaliwa Korogwe na yeye akazaliwa Korogwe, na Kisambaa chake kilikuwa kizuri kuliko cha Bibi Afisa. Alipanda mara mbili kwa wiki, alasiri, akalala kwenye chumba cha ghala, akashuka kabla hakujapambazuka ili awahi kufungua duka. Bibi Afisa alimwita mjukuu, na alikwisha kumposa mara nne.

Siku hiyo iliki ilikuwa inapimwa. Riyaz akaingia garini kulisogeza kivulini, kijigari cha rangi ya maziwa alichokiagiza Japani kama walivyoagiza wengi miaka hiyo. Bibi Afisa akasikia kokoto. Kr kr kr.

Kopo la iliki likamponyoka.

"Mjukuu wangu," alisema bila kuliokota, "hilo gari lako limekufa au limelala?"

"Linakwenda kwa betri, bibi!" Riyaz akacheka kama mtu anayeonyesha mtoto wake. "Lina mafuta na lina umeme. Njoo uone kitufe hiki. Asubuhi huku kuna baridi, na injini ya baridi inakunywa mafuta kama mlevi wa ngomani. Basi mimi siiamshi. Nabonyeza hapa, natoka kwa umeme, mlima unanishusha, na nikikanyaga breki betri inajaa tena. Injini itaamka mbele ya safari, kumekucha."

"Na alasiri ukija linanguruma."

"Alasiri napanda mlima, bibi. Litaachaje kunguruma?"

"Kwa hiyo alfajiri hakuna anayekusikia."

"Ndiyo raha yake. Siwaamshi watu."

Unawaamsha, mjukuu wangu, alisema Bibi Afisa moyoni. Unawaamsha mpaka walio makaburini.

Hapo ndipo angesema. Lakini kusema gari ni la Riyaz ni kusema mumiani hayupo, na kusema mumiani hayupo ni kuulizwa umande ule ulikuwa wa nini. Akajiambia atasema kesho. Kesho ikaja, akaiahirisha. Keshokutwa akaambiwa Ruthi ameanza kukojoa kitandani kwa hofu, akacheka kidogo kwa sauti, kisha akajifungia ndani asijue afanye nini na mikono yake.

Alfajiri ya Ijumaa mlango wake ukagongwa kwa vidole.

"Bibi. Bibi Afisa. Leo usitoke." Alikuwa Elina, amejifunika blanketi, meno yanagongana. "Wanaume wamelaza gogo kwenye kona ya daraja. Wako ishirini. Wana mapanga na dumu la mafuta ya taa."

"Gogo la nini?"

"La mumiani. Yordani amesema likishuka leo kimya, litaungua na aliyemo ndani."

Bibi Afisa alishika fremu ya mlango. "Na likishuka na kelele?"

"Likiwa na kelele ni gari la watu, wataondoa gogo lipite. Wamekubaliana wasikilize kwanza. Wamefuata maneno yako, bibi. Si ulisema damu haipigi kelele?"

Riyaz alikuwa amelala ghalani usiku ule. Simu ya Bibi Afisa ilikuwa dukani inachajiwa tangu jana. Alimsukuma Elina pembeni na kutoka na kandambili moja.

Ukungu ulikuwa kama siku ile. Alipita njia ya mkato katikati ya chai, matawi yakimlamba miguu kwa maji ya barafu, na kila hatua alitega sikio. Hajawahi mtu kutamani kukohoa kwa gari kama alivyotamani yeye. Kohoa, mwana wa Kijapani. Kohoa hata mara moja. Hakusikia ila pumzi yake mwenyewe ikipiga filimbi kifuani. Akatokea barabarani chini kidogo ya ghala, na kabla hajasimama vizuri, kokoto zikasagika.

Kr kr kr.

Hapo aliyajua yote, kitufe na betri na Japani, na bado nywele zilimsimama. Macho meupe yakatokeza. Akatanua mikono kama anayezuia ng'ombe, akafumba macho. Bati baridi likamgusa tumbo na kusimama.

"Bibi! Ningekuua!" Riyaz alitoa kichwa dirishani, rangi imemtoka.

"Ungekuwa umewahi wenzako." Alifungua mlango, akajitupa ndani. "Iamshe injini!"

"Unaumwa? Twende hospitali—" Gari lilikwisha kuanza kuteleza na mteremko.

"Iamshe injini, Riyaz! Kuna gogo darajani na watu ishirini na mafuta ya taa. Wanangoja gari lisilo na sauti. Wanangoja hili."

"Mimi? Nimefanya nini mimi?"

Bibi Afisa alitazama mikono yake. "Wewe hukufanya. Ni ulimi wangu."

Riyaz alikanyaga breki, akashika gia arudi nyuma. Ndipo filimbi ikalia huko juu, upande wa ghala, ndefu, na baada yake taa za tochi zikaanza kuteremka ndani ya ukungu, moja, tatu, tano. Walikuwa wameweka na wa kufunga nyuma. Kushoto kulikuwa na ukuta wa mlima. Kulia kulikuwa na korongo ambalo mbuzi akianguka humo huachiwa Mungu.

Kidole cha Riyaz kikatafuta kitufe, kikakikosa, kikakipata. Kitu kikatetemeka mbele yao kwa upole.

"Bado hujaiamsha?"

"Imeamka, bibi. Ndiyo hii."

"Hii? Paka wa Elina anakoroma kuliko hii!"

Riyaz akakanyaga mafuta, akaweka mkono kwenye honi na hakuutoa. Honi ilikuwa nyembamba, ya gari la kike, lakini ilisikika. Na kweli, kama Elina alivyosimuliwa na mumewe baadaye, pale darajani mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Yordani alisikia honi, akasikia injini, akashusha panga na kusema, "Gari la watu hilo, ondoeni gogo." Wanne walikwisha kuinama na kulishika.

Lakini Bibi Afisa hakuyaona hayo. Yeye aliuona ukungu tu, na aliijua mizigo yote iliyowahi kubebwa na mdomo wake, basi akaona na huu aubebe. Akashusha kioo, akatoa kichwa nje kwenye ile baridi, akapiga kigelegele cha harusi ili wasikie ni watu.

Kigelegele kikitoka kwenye koo lenye hofu hakiwi kigelegele. Kilitoka yowe.

"Ni Bibi Afisa!" mtu alilia darajani. "Limemkamata Bibi Afisa! Linamnyonya!"

Gogo likaangushwa chini. Jiwe la kwanza lilipiga boneti. La pili lilipita kwenye kioo cha mbele, vipande vikamwagika mapajani mwa Riyaz kama chumvi ya mawe. Gari likasimama pua ikigusa gogo, na watu wakalizunguka, nyuso zimefungwa vitambaa, na Bibi Afisa akawajua wote mmoja mmoja kwa miguu yao, maana aliwahi kuitania kila mguu. Harufu ya mafuta ya taa iliingia kabla ya mtu yeyote kusema neno.

"Bibi, toka haraka!" Alikuwa Yordani, panga juu. "Amekutoboa wapi?"

Bibi Afisa alishuka. Akajiegemeza mlangoni, akausimamia mlango ule kwa mwili wake wote.

"Hajanitoboa. Huyu ni Riyaz wa iliki. Mnamjua."

"Amekwisha kumzuga. Mtazameni macho!"

"Mvuteni pembeni!"

"Mimina hayo mafuta!"

"Nilijikojolea!" alipiga kelele Bibi Afisa.

Mkono wenye dumu ukasita.

"Nasema nilijikojolea. Siku ile. Gari la Riyaz lilipita kimya kwa sababu linakwenda kwa betri, mimi nikajikojolea mpaka kwenye kandambili, mimi, Mzigua, mbele ya milima yenu yote. Nikaona aibu kuwaambia. Nikawaambia mumiani. Hakuna mumiani. Kuna kikongwe na kibofu chake."

Akasikia mafuta ya taa yakidondoka kutoka kwenye dumu, tone, tone, juu ya gurudumu la mbele.

"Anasema aliyofundishwa," alinong'ona mmoja.

Ndipo Elina, aliyewafuata mbio na blanketi lake, akapenya katikati. "Ni kweli!" alisema akihema. "Niliiona kanga. Umande hulowesha pindo tu. Ile ilikuwa imelowa juu ikashuka!"

Mtu mmoja nyuma akaguna. Guno likawa kikohozi, kikohozi kikawa kicheko, na kicheko kikapita mtu kwa mtu, si kwa furaha, ila kama homa inavyomtoka mgonjwa. "Aliyenyonywa damu hatanii," alisema mzee mmoja. Dumu likawekwa chini. Bibi Afisa angeweza kucheka nao. Hakuweza, kwa sababu Yordani alikuwa hacheki.

"Mwanangu hajakwenda shule wiki nzima, bibi," alisema taratibu. "Nilikuja hapa kuua mtu."

"Najua, mwanangu."

"Ningeua."

Akalitupa panga korongoni, walisikia likigonga mawe mara mbili, akaondoka peke yake ndani ya ukungu.

Riyaz alikuwa bado ameshika usukani; ilibidi Elina amtoe vidole kimoja kimoja. Kipande cha kioo kilikuwa kimemkata juu ya jicho. Kwa wiki tatu nzima Vugiri walikuwa wakisimulia damu iliyomwagwa na gari lile, na tone la kwanza kabisa lilikuwa la mwenyewe.

Watani walimtoza Bibi Afisa kuku wawili, na mtani hakasirikiwi, yakaisha. Kwa Riyaz hakukuwa na utani. Kwake alikwenda hadi Korogwe, akapiga magoti dukani mbele ya magunia ya mchele. Riyaz alimwinua. Alisema amesamehe, ila hawezi tena kushuka ule mlima bila kusikia filimbi masikioni, na injini peke yake haimtoshi, maana mteremkoni ikishapata moto hujizima yenyewe na kimya hurudi.

"Basi nitakupa sauti," alisema Bibi Afisa.

Akamwagiza mdogo wake Tatu, aliyebaki kwao Handeni, naye akaomba kwa jirani yake Parsaoti, mfugaji, kengele ya ng'ombe dume aliyekufa. Kengele ikaja na basi, nzito, ya chuma cheusi. Riyaz akaifunga chini ya bampa. Tangu hapo gari lilishuka alfajiri likilia ngolo, ngolo, ngolo, na watoto wa shule walilisikia kutoka mbali na kulipisha. Ruthi akarudi darasani. Bibi Afisa alilala kitandani akiisikiliza kengele mpaka inapopotea bondeni, ndipo usingizi umchukue.

Yakapita majuma sita. Alasiri moja ya Alhamisi simu yake, siku hizi imejaa chaji daima, ikalia. Alikuwa Tatu.

"Dada, u mzima? Nakupa tahadhari. Alfajiri usitoke."

"Kuna nini huko Handeni?"

"Mumiani. Ameingia kutoka huko milimani kwenu. Gari lake jeupe, na siku hizi limevaa kengele ya ng'ombe. Mfugaji akiisikia anadhani ng'ombe wake amepotea, anaifuata, ndiyo basi tena. Parsaoti ameumia moyo, anasema kengele hiyo huenda ni yake. Vijana wamepanga zamu barabarani tangu Kabuku. Wanasikiliza."

Bibi Afisa hakukumbuka kuaga. Riyaz alikuwa ghalani anapima iliki, na alikwisha kumwambia kila mtu kwamba kesho hafungui duka. Atashuka alfajiri moja kwa moja hadi Handeni kwenye harusi ya binamu yake.

"Usiende," alimwambia.

"Ni harusi ya Dimple, bibi. Mimi ndiye ninayemsimamia. Nitaifungua kengele."

"Ukiifungua utakuwa kimya. Hata kimya wanakijua."

"Basi nikae Korogwe mpaka lini?" Kovu la juu ya jicho lilimruka. "Mpaka hadithi ichoke?"

Haichoki, alijua Bibi Afisa. Hadithi hii aliizaa mwenyewe, na ilikuwa na mapafu ya mama yake.

Alfajiri ya Ijumaa alikuwa amekaa kiti cha mbele, kanga mbili, blanketi la Elina mabegani, kioo kimeshushwa chote. Ukungu uliingia na kumkalia mapajani. Riyaz akawasha, taa ndogo za ndani zikawaka kama macho ya panya, na gari halikusema neno.

"Nibonyeze kitufe, bibi, au niamshe injini? Na kengele je?"

Bibi Afisa alifikiri. Kila sauti aliyokuwa nayo alikwisha kuitia sumu, kimya nacho alikwisha kukitia sumu. Ilibaki moja tu.

"Washa unavyotaka wewe. Ila kila penye watu watatu, usimame. Kerenge usimame, Segera usimame, Kabuku usimame hata kama wana mawe. Mimi nitashuka niwasimulie nilivyojikojolea."

"Vijiji vyote hivyo?"

"Vyote. Uongo ulikwenda kwa gari, ukweli nao upate lifti."

Riyaz akafunga mkanda. Akatoa breki. Kokoto zikaanza kusagika chini yao, na mbele, mahali barabara inapomezwa na ukungu, mtu asiyeonekana akakohoa.

Bibi Afisa akakaza mapaja, maana kanga ilikuwa mpya, akatoa kichwa nje.